Tangi Kwanza, Ziwa Baadaye

Mtu anayepanga safari ya gari-nyumba huanza kwa kuuliza kambi ina nini. Ina umeme? Ina maji ya bomba, bafu la moto, intaneti, bwawa la kuogelea, duka la kuuza barafu? Maswali hayo yanafaa sana kwa anayetafuta hoteli. Kwa anayetafuta mahali pa kuegesha katika misitu na maziwa ya kaskazini mwa Minnesota, nchini Marekani, yanapotosha, kwa sababu kule kambi zilizo mahali pazuri zaidi ndizo zenye vitu vichache zaidi, na uchache huo haukutokana na uzembe wa mtu. Swali la kwanza linapaswa kuelekezwa kwa gari lenyewe: nyumba hii yenye magurudumu inaweza kuishi siku ngapi bila kuunganishwa na bomba wala waya wowote? Aliyelijibu kwa hesabu anajua kambi ya kutafuta. Asiyelijibu hulipia huduma asizozihitaji, au hufika mbele ya njia ambayo gari lake haliwezi kuikata kona.

Gari-nyumba, kwa asiyelifahamu, ni basi au lori dogo lililojengewa ndani vitanda, jiko, choo na bafu. Au ni tela lenye vitu hivyo hivyo linalokokotwa na gari jingine. Fupi lina mita sita hivi, na refu kuliko yote hufikia mita 13 na ushee. Linaweza kununuliwa au kukodiwa kwa wiki moja. Jambo hili linawahusu pia wasomaji wa Kiswahili waishio huko, maana vitongoji vya Minneapolis na St. Paul vina jamii kubwa ya Wakenya na Waafrika Mashariki wengine, na kutoka hapo hadi mji mdogo wa Cass Lake, katikati ya maziwa, ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne.

Jimbo hilo hujitangaza kuwa nchi ya maziwa elfu kumi, na safari hii tangazo limepunguza badala ya kuongeza: hesabu ya Idara ya Maliasili ya Minnesota ni maziwa 11,842 yenye ekari 10 au zaidi. Barafu nene iliyolifunika eneo hilo katika enzi za kale ilipoyeyuka na kurudi kaskazini iliacha mashimo yakajaa maji, na kando yake ikaacha mchanga na changarawe ambamo misonobari ilistawi. Ardhi hiyo sasa ina wenyewe wa aina kadhaa, na aina ya mwenyewe ndiyo inayoamua kambi itakuwaje. Serikali ya shirikisho inasimamia Msitu wa Taifa wa Chippewa, ulioanzishwa 1908, na ule wa Superior wa 1909. Jimbo lina mbuga zake, na kongwe kuliko zote ni Itasca, ya mwaka 1891, ambako mto Mississippi unaanza ukiwa kijito ambacho mtoto anaweza kukivuka kwa kukanyaga mawe. Watu binafsi wana kambi zao kando ya maziwa, nyingi zikiendeshwa na familia. Halafu kuna Waojibwe wa Leech Lake, wenyeji wa kale, ambao hifadhi yao kwa sehemu kubwa imo ndani ya mipaka ya Chippewa. Sheria ya mwaka 2020 iliamuru warudishiwe takriban ekari 11,760 za msitu huo. Kwa hiyo siku moja ya matembezi huko inaweza kupita juu ya ardhi ya mamlaka tatu, na ni busara kujua uko kwa nani kabla ya kutupa ndoano.

Tuanze na kambi za msitu wa taifa, kwa sababu ndizo zinazolalamikiwa zaidi kuwa zimebana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa magonjwa ya miti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Emilio Meinecke, alichunguza kwa nini miti mikubwa ya California ilikuwa ikidhoofika mahali ambapo watalii walipiga kambi. Hakukuta kuvu wala wadudu. Alikuta magari. Kila dereva aliingia msituni alikotaka, akaegesha alipopenda, na magurudumu yakaushindilia udongo mpaka maji na hewa vikashindwa kuifikia mizizi. Mwaka 1932 aliandika mwongozo mfupi ambao bado unatawala kambi nyingi za Marekani: barabara iwe mzunguko wa njia moja, kila familia ipewe kijichochoro chake cha kuegesha, meza na jiko vichimbiwe mahali pasipohama, na mawe au magogo yawekwe kulizuia gari lisitoke nje ya hapo. Mwaka uliofuata serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha kikosi cha vijana wasio na kazi, ambacho hadi 1942 kilipitiwa na vijana wapatao milioni tatu, na kazi zake zilikuwa pamoja na kujenga kambi za aina hiyo katika misitu ya nchi nzima, Minnesota ikiwemo. Vijichochoro vile vilipimwa kwa gari la familia la wakati huo, ambalo kwa kawaida halikuzidi mita tano.

Historia hiyo inaeleza karibu kila kero ya leo. Jiwe linalokwaruza ubavu wa gari kwenye kona liliwekwa pale kwa makusudi, na bado linafanya kazi iliyolileta. Msonobari unaoning'inia juu ya meza umesimama hadi leo kwa kuwa magurudumu yalikatazwa kuukaribia. Anayeomba kijichochoro kipanuliwe ili kipokee basi la mita 12 lenye kuta zinazochomoza pande zote mbili, anaomba miti iondoke, na akishakubaliwa atakuwa ameegesha kwenye uwanja wa changarawe kama ule aliopita barabarani bila kusimama. Simaanishi kwamba wenye magari makubwa wamekosea kuyanunua. Ninachosema ni kwamba urefu wa gari ni uamuzi wa kambi uliofanywa mapema, dukani, na mara nyingi mnunuzi haambiwi hivyo. Anayekodi bado ana nafasi ya kuchagua: gari la mita saba au nane litamfungulia kambi nyingi za msitu, na kila mita inayoongezwa hapo hufunga milango kadhaa.

Kukosekana kwa bomba la majitaka nako kuna sababu yake. Udongo wa mchanga hupitisha maji upesi, na maji ya chini ya ardhi yako karibu. Kinachotoka chooni na jikoni kina fosforasi, na fosforasi ikifika ziwani huwa mbolea ya mwani; maji hugeuka kijani, samaki hukosa hewa. Minnesota inalichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuwawekea wenye nyumba vizuizi vya kutumia mbolea yenye fosforasi kwenye nyasi za bustani zao. Kuchimba mtandao wa mabomba kutoka viwanja hamsini vilivyotawanyika ukingoni mwa ziwa ni gharama kubwa na ni hatari ya kuvuja. Ndiyo maana mbuga ya jimbo kama Itasca huwa na viwanja vyenye umeme na kituo kimoja cha kumwagia majitaka ambacho kila gari hupitia wakati wa kuondoka, na kambi nyingi za msitu wa taifa zina vyoo vya shimo, bomba la maji ya kuchota, na basi. Huduma zote tatu kiwanjani, yaani maji, umeme na majitaka, ni za kutafuta kwa watu binafsi.

Sasa hesabu. Gari-nyumba la kawaida lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Chukua tangi la maji safi la lita 150. Familia ya watu wanne inayoosha vyombo kwa beseni na kuoga kwa kujimwagia kidogo inaweza kutumia lita 40 kwa siku, kwa hiyo maji yanatosha karibu siku nne. Aliyezoea kuchota maji kwa ndoo ataona lita 40 ni nyingi. Aliyezoea kusimama chini ya bomba la mvua kwa dakika kumi atazimaliza peke yake kabla ya kifungua kinywa. Tangi linalojaa mapema kwa kawaida ni lile la sinki na bafu, na dawa yake ni kuoga kwenye mabafu ya kambi pale yalipo, na kutumia choo cha kambi mchana. Kwa njia hiyo siku nne zinawezekana bila shida, na wasafiri wengi wa mwisho wa juma hawakai hata siku nne. Mtu anayekaa usiku mbili akalipia kiwanja chenye bomba la majitaka amelipia kitu ambacho gari lake tayari limekibeba.

Umeme una hesabu yake, na hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Umeme wa kambi za Marekani huja kwa volti 120. Soketi ya ampia 30 inatoa wati 3,600. Ile ya ampia 50, kwa kuwa ina nyaya mbili zenye umeme, inatoa wati 12,000, ambazo ni mzigo wa nyumba nzima. Ni kifaa kipi ndani ya gari kinachohitaji nguvu kiasi hicho? Karibu kila mara jibu ni kiyoyozi, ambacho kimoja hula wati 1,500 hivi kikiwa kinafanya kazi. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya kawaida ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, maana yake zinabaki 600 za kutumia. Kiyoyozi kingezimaliza kwa dakika 24. Lakini jokofu la gari-nyumba mara nyingi huweza kutumia gesi, jiko ni la gesi, taa za kisasa hula wati chache tu, na feni ndogo ikizunguka usiku kucha hutumia wati-saa 240. Ukijumlisha simu na pampu ya maji bado uko chini ya 400 kwa siku. Betri mbili, au paneli ya sola ya kubebeka, zinatosha.

Na kiyoyozi kinahitajika? Mjini Bemidji, karibu na chanzo cha Mississippi, joto la kawaida la Julai ni nyuzi 26 mchana na takriban 14 usiku. Ni usiku wa kujifunika blanketi. Texas au Arizona mwezi huo ningesema mengine kabisa, na miongozo mingi ya kuchagua kambi imeandikwa kana kwamba nchi nzima ina joto la Arizona. Zipo siku chache za nyuzi 33 zenye unyevunyevu hata kaskazini, na siku hizo watu huingia ziwani. Kitu kinachoweza kukumalizia betri huko ni kinyume chake: baridi ya Mei na Septemba, wakati kipasha joto cha gesi kinapowasha feni yake usiku kucha. Anayekwenda miezi hiyo atafute kiwanja chenye umeme, na sitamcheka.

Atakayepinga atasema: mbona nijinyime raha ninayoweza kuilipia? Pesa ni zangu, likizo ni yangu. Ni hoja ya haki, ila inachukulia kwamba raha yote iko upande wa huduma. Kambi ya watu binafsi lazima ilipe gharama za mabomba na nyaya zake, kwa hiyo hubana viwanja karibu karibu. Dirisha lako hutazamana na bomba la majitaka la jirani. Nyingine hukodisha viwanja vya mbele ya ziwa kwa msimu mzima kwa wateja wa kila mwaka, na mgeni wa usiku tatu hupewa safu ya nyuma. Katika msitu wa taifa mtu analipa pesa chache zaidi, anapata vichaka kati yake na jirani, na kelele pekee ya kuhofia ni jenereta, ambayo nayo hutakiwa kuzimwa saa za utulivu, kwa kawaida kuanzia saa nne usiku. Ni raha mbili tofauti, na mtu ana haki ya kuchagua yoyote akiwa ameziona zote mbili. Raia au mkazi wa kudumu wa Marekani aliyefikisha miaka 62 ana nyongeza moja: kadi ya wazee ya mbuga na ardhi za shirikisho humpunguzia nusu ya ada katika kambi nyingi za msitu wa taifa. Wazazi walioletwa na watoto wao na kupata ukazi wa kudumu wanastahili kadi hiyo sawasawa na mtu aliyezaliwa Minnesota.

Pingamizi la afya ni zito zaidi, na nusu yake nalikubali. Mashine ya kusaidia kupumua usingizini inaweza kuendeshwa na betri: bila kile kifaa chake cha kuongeza unyevu, hutumia wati 30 hadi 60, na hizo ni wati-saa 240 hadi 480 kwa saa nane. Inahitaji mpango, basi. Mashine ya oksijeni ya nyumbani, inayokula wati 300 au zaidi mchana na usiku, haiwezekani. Anayeitegemea aende penye umeme wa uhakika na mji wenye hospitali karibu, mathalani pembezoni mwa Bemidji au Grand Rapids. Hali kadhalika familia yenye mtoto mchanga na nepi za kufua, mtu atakayekaa zaidi ya wiki, na mwenye gari la mita 12. Mvuvi anayetaka mashua yake ifungwe gatini kila jioni pia atafurahi zaidi kwenye kambi ya familia kando ya ziwa, ambako ataambiwa samaki wako kina kipi asubuhi hiyo. Wengine wanaogopa usalama. Kambi nyingi za msitu zina msimamizi anayeishi humo majira yote ya kiangazi, na anayesumbua zaidi ni dubu mweusi aliyenusa chakula kilichoachwa mezani. Chakula kikifungiwa garini, hana sababu ya kusimama. Mbu ni kero ya kweli, hasa Juni, na kupe mwenye kubeba ugonjwa wa Lyme anahitaji kukaguliwa mwilini kila jioni. Hao hawabagui kambi ya kulipia ghali.

Baada ya kambi huja kiwanja, na hapa picha ya ziwa hudanganya. Mifumo ya kuweka nafasi huonyesha urefu wa kijichochoro; kwa mwenye tela, pima tela pamoja na gari linalolikokota, halafu ongeza nafasi ya kukunja. Kiwanja cha ukingoni kabisa hupata upepo unaofukuza mbu, lakini kikiwa kwenye ghuba iliyotulia yenye matete ni kinyume chake. Kivuli kizito huua paneli ya sola, kwa hiyo anayeitegemea atafute uwazi wa kusini, au abebe waya mrefu. Atazame juu pia. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba ya upepo wa moja kwa moja iliangusha miti katika ekari zaidi ya 477,000 za eneo la maziwa ya mpakani na Kanada, kwa kasi iliyopita kilomita 140 kwa saa. Mti uliokauka ukiwa umesimama karibu na paa la gari ni sababu tosha ya kuomba kiwanja kingine, hata kama kile kinatazama machweo. Mawimbi ya simu hupotea upesi ndani ya misitu hiyo, kwa hiyo redio ndogo ya hali ya hewa ina thamani zaidi kuliko programu yoyote ya simu.

Kalenda ni fupi. Barafu ya maziwa hupasuka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na maji ya mabomba huanza kufungwa baada ya wiki ya kwanza ya Septemba. Mbuga za jimbo hupokea maombi ya nafasi siku 120 kabla, na viwanja vingi vya shirikisho miezi sita kabla; sikukuu ya Julai hujaa siku ile ile mlango unapofunguliwa. Hata hivyo kambi nyingi za msitu huacha viwanja kwa anayewahi, na anayefika Jumanne mchana huchagua anachotaka. Kukaa kwa kawaida kunakomea siku 14. Kwa familia zetu zinazopenda kukusanyika watu kumi na tano, tatizo ni idadi: kiwanja kimoja mara nyingi hakiruhusu zaidi ya watu sita au wanane, kwa hiyo ni lazima kukodi viwanja jirani au eneo la vikundi, na mengi ya maeneo hayo yametengenezwa kwa mahema. Uliza kama gari-nyumba linaingia kabla ya kulipa na kabla ya kuwatangazia ndugu tarehe.

Yamebaki mawili ambayo kila mgeni anapaswa kuyazingatia. Mashua ikitoka ziwani, plagi yake hutolewa na maji yote kumwagwa, na sheria ya Minnesota inataka plagi ibaki imetolewa muda wote ikiwa barabarani, kwa sababu kome wadogo wenye mistari ya pundamilia husafiri ndani ya maji hayo hadi ziwa jingine. Kuni nazo hazibebwi kutoka nyumbani. Mbawakawa wa kijani kutoka Asia, anayeua miti ya jamii ya Fraxinus kwa kuchimba chini ya magome yake, aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na St. Paul mwaka 2009, na kuni za watalii ni mojawapo ya njia zinazomsafirisha upesi. Nunua zilizothibitishwa, karibu na kambi utakayolala, na zitakazobaki zisirudi nawe.